Kemikali za Kutawanya Mafuta Baharini: Sheria, Mazingira na Afya ya Watu wa Pwani ya Mtwara

Pwani inayoanzia rasi ya Msangamkuu, ikapita Msimbati na kuishia kwenye mdomo wa Mto Ruvuma mpakani mwa Msumbiji, ni miongoni mwa sehemu za bahari ya Tanzania zenye utajiri mkubwa wa viumbe. Mikoko, nyasi za bahari na miamba ya matumbawe vimekaribiana kiasi kwamba samaki huweza kukulia kwenye mizizi ya mikoko, kujilisha katika nyasi na hatimaye kuvuliwa mwambani. Mwaka 2000 Serikali ililitangaza eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650, kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Vijiji vimo ndani ya hifadhi: watu wake huvua, hulima na kuokota chaza na pweza maji yakupwapo wakati wa bamvua.

Pwani hiyohiyo ni ya nishati. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Bandari ya Mtwara hupokea meli za mafuta yaliyosafishwa. Ng'ambo ya mpaka, katika bahari kuu ya Cabo Delgado, mtambo unaoelea wa Coral Sul ulianza kusafirisha gesi iliyosindikwa mwezi Novemba 2022, na meli za masafa marefu hupita katika Mlango wa Msumbiji mwaka mzima.

Panapopita mafuta, ajali huwezekana. Ikitokea, moja ya hatua zitakazopendekezwa ni kunyunyizia kemikali za kutawanya mafuta, ambazo katika makala haya zitaitwa kwa kifupi vitawanyishi. Hatua hiyo yaweza kuokoa au kudhuru, na saa za kuiamua huwa chache. Makala haya yanaeleza kemikali hizo hufanyaje kazi, sheria zinazihusu vipi, na kwa nini mhudumu wa afya na mgonjwa wa pwani wanapaswa kuzifahamu kabla ya siku ya ajali.

Vitawanyishi ni nini

Vitawanyishi vina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni viambata vya jamii ya sabuni, ambavyo molekuli zake zina ncha mbili: moja hushikamana na maji, nyingine hushikamana na mafuta. Ya pili ni kiyeyushi, kinachosaidia viambata hivyo kupenya ndani ya utando wa mafuta. Mchanganyiko huo unaponyunyiziwa kwa ndege au meli, kisha mawimbi yakautikisa, utando huvunjika kuwa matone madogo mno, ambayo hayarudi juu kwa urahisi. Husambaa katika maji, na huko bakteria wanaokula mafuta hupata eneo kubwa zaidi la kuyashambulia. Kiasi kinachotumiwa sana kama mwanzo wa hesabu ni sehemu moja ya kemikali kwa sehemu 20 za mafuta.

Kila aliyewahi kuosha sufuria yenye mafuta anaujua mfano wake. Sabuni haiyafuti mafuta. Huyatoa kwenye sufuria na kuyaingiza katika maji. Vitawanyishi navyo haviondoi mafuta baharini. Huyahamisha kutoka juu ya maji kwenda ndani ya maji. Ndege wa baharini, kasa wanaopanda juu kuvuta pumzi, na mikoko hupata nafuu, kwa kuwa utando haufiki ufukoni. Mzigo huo hubebwa na mayai na makinda ya samaki, matumbawe, nyasi za bahari na chaza. Kwa hiyo kuamua kutumia vitawanyishi ni kuamua nani na nini kibebe madhara. Hiyo ndiyo sababu uamuzi huo hauachwi mikononi mwa mwenye meli au kampuni iliyomwaga mafuta.

Si kila umwagikaji unahitaji vitawanyishi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ni kavu, nayo ikivuja hupanda hewani. Hatari yake ni moto na mlipuko. Dizeli na mafuta mengine mepesi huvukiza na kutawanyika yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo kuongeza kemikali huleta sumu bila faida ya maana. Mafuta mazito ya injini za meli, yakishapoa na kuchanganyika na maji mithili ya uji mzito, hayapenyeki tena. Vitawanyishi hufaa hasa kwa mafuta ghafi ya uzito wa kati yaliyomwagika karibuni, mbali na pwani, penye maji ya kina na mawimbi ya kutosha.

Ajali zilizozaa sheria

Tarehe 18 Machi 1967, meli ya Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Wakati huo hapakuwa na kemikali iliyotengenezwa mahsusi kwa bahari. Zilitumika takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani za kuondolea grisi, zenye viyeyushi vyenye sumu kali, nyingine zikimwagwa moja kwa moja kwenye miamba ya pwani. Wanasayansi walikuta kwamba konokono wa miambani waliangamizwa na dawa kuliko mafuta, na baadhi ya fuko zilichukua zaidi ya miaka 10 kurejea hali ya awali. Kutokana na ajali hiyo nchi nyingi zilianza kudai kwamba kemikali ipimwe uwezo na sumu yake kabla ya kuruhusiwa.

Tukio la pili lilikuwa mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, uliowaua wafanyakazi 11. Kisima kilivuja kwa siku 87, na takriban lita milioni 7 za vitawanyishi zikatumika, zaidi ya theluthi moja zikidungwa moja kwa moja kisimani, kwenye kina cha takriban mita 1,500. Hapakuwa na uzoefu wa kiasi hicho wala wa kina hicho. Mwishoni mwa Mei 2010 mamlaka za Marekani ziliagiza matumizi yapunguzwe kwa asilimia 75, na orodha kamili ya viambato vya Corexit, kemikali iliyokuwa ikitumika, iliwekwa hadharani mwezi Juni, wiki kadhaa baada ya unyunyiziaji kuanza. Madaktari waliopokea wagonjwa kabla ya hapo walikuwa wakitibu watu waliogusana na kitu ambacho muundo wake haukuwa umetangazwa wote. Mwaka 2023 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilichapisha kanuni mpya zenye masharti makali zaidi ya upimaji na uorodheshaji wa kemikali hizo.

Sheria za Tanzania

Nchini Tanzania suala hili linagusa sheria kadhaa kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza kumwaga kemikali, mafuta na vitu vingine hatarishi katika mazingira, na inamtwika aliyemwaga jukumu na gharama za usafishaji. Msimamizi wake mkuu ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kitawanyishi nacho ni kemikali, hivyo kukimwaga baharini bila ruhusa halali hakuhalalishwi na nia njema ya mmwagaji.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya 2003 inaiweka kemikali kama hii chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia usajili, uingizaji, uhifadhi na usafirishaji. Usajili huo unahusu kuwa na kemikali nchini. Kuimwaga baharini ni jambo jingine.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, lina wajibu wa usalama wa usafiri majini na wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli. Shughuli za utafutaji na uzalishaji wa petroli husimamiwa na PURA chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. Ndani ya hifadhi, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994 inaongeza ulinzi wake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamlinda mfanyakazi anayeajiriwa kusafisha.

Juu ya sheria hizo kuna mikataba. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 kuhusu kujiandaa, kukabiliana na kushirikiana katika uchafuzi wa mafuta unazitaka nchi wanachama kuwa na mpango wa taifa na mamlaka yenye dhamana. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 una itifaki ya ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki katika dharura za uchafuzi wa bahari. Kwa Mtwara itifaki hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mafuta au kemikali zikimwagwa upande mmoja wa Ruvuma hazitangoja kibali cha kuvuka mpaka.

Udhibiti mzuri hujibu maswali matatu tofauti. Kemikali hii imepimwa na kukubaliwa? Mahali hapa panafaa? Hali ya sasa, yaani aina ya mafuta, upepo, mawimbi na msimu wa samaki kuzaliana, inaruhusu? Uingereza, kwa mfano, hata kemikali iliyomo katika orodha ya kukubaliwa haiwezi kutumika bila idhini maalumu katika maji yenye kina cha chini ya mita 20, au ndani ya maili moja ya baharini kutoka maji ya kina hicho. Jibu la ndiyo kwa swali la kwanza halitoshi kujibu yale mawili yanayofuata.

Ugumu wa Ghuba ya Mnazi

Kanuni ya kina ikipimwa kwa Ghuba ya Mnazi, maana yake huonekana mara moja. Sehemu kubwa ya maji yaliyo ndani ya miamba ni ya kina kifupi, na maji yakikupwa nyasi za bahari huachwa wazi. Mafuta yaliyotawanywa hapo hayana mahali pa kuchujukia. Hugusa matumbawe na nyasi yakiwa bado makali.

Hata hivyo, kuiacha mikoko ipakwe mafuta nako kuna gharama yake. Mwaka 1984 watafiti nchini Panama walitenga maeneo madogo ya pwani yenye mikoko, nyasi na matumbawe. Moja lilimwagiwa mafuta ghafi pekee, jingine mafuta yaliyochanganywa na kitawanyishi, na la tatu likaachwa bila kitu. Mafuta yaliyotawanywa yaliyadhuru matumbawe na viumbe wa nyasi katika kipindi cha mwanzo, ilhali mikoko ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mafuta pekee yaliiua mikoko, na athari zake ziliendelea kuonekana miaka mingi baadaye.

Fundisho lake kwa Ruvuma ni kwamba mahali pa kuamulia ni bahari kuu, kabla mafuta hayajafika mwambani. Yakishaingia ghubani, vizuizi vinavyoelea, mashine za kuchota na kazi ya mikono ndivyo huwa njia za kwanza. Mikondo nayo haina budi kuingizwa katika hesabu. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huipiga Afrika karibu na rasi ya Delgado na kugawanyika, tawi moja likielekea kaskazini kuipita pwani ya Tanzania. Wakati wa kusi mkondo huo hupata nguvu zaidi, hivyo kinachomwagwa kusini mwa Ruvuma chaweza kuelekea Mtwara, Lindi na kuendelea.

Athari kwa afya ya binadamu

Baadhi ya viambata vya vitawanyishi vinafahamika hospitalini. Kimoja kati ya viambata vya Corexit ndicho kiini cha dokusati, dawa ya kulainisha choo. Ukweli huo haumaanishi kwamba mchanganyiko mzima ni salama. Sumu huamuliwa na kiasi, muda na njia ya kuingia mwilini: kidonge kinachomezwa na ukungu unaovutwa mapafuni ni mambo mawili tofauti.

Corexit 9527, iliyotumika mwanzoni mwa ajali ya mwaka 2010, ilikuwa na kiyeyushi kiitwacho 2-butoksiethanoli, ambacho kwa wanyama wa maabara huvunja seli nyekundu za damu. Seli za binadamu zina uvumilivu zaidi kuliko za panya, lakini watu waliokunywa kiasi kikubwa cha kiyeyushi hicho wamepata tindikali nyingi katika damu na hata kupoteza fahamu.

Ushahidi mpana zaidi unatokana na uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Afya ya Mazingira ya Marekani uliowafuatilia takriban watu 33,000 walioshiriki, au waliojiandaa kushiriki, katika usafishaji wa mwaka 2010. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliogusana na vitawanyishi waliripoti zaidi kikohozi, mluzi wa kifua, kubanwa kifua, na muwasho wa macho, pua, koo na ngozi. Taarifa hizo zilitegemea kumbukumbu za wahusika wenyewe, kwa hiyo zinaonyesha uhusiano zaidi kuliko kuthibitisha chanzo. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliotumia hesabu za kompyuta, ulionyesha kwamba kudunga kemikali kisimani kulipunguza mvuke wa benzini uliokuwa ukiwafikia wafanyakazi juu ya maji. Kemikali ileile yaweza kumwondolea mfanyakazi mmoja hatari ya mvuke na kumletea mwingine muwasho wa ukungu wake. Maamuzi ya afya hayana budi kuzitazama pande zote mbili.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Zahanati ya kijiji ndiyo itakayowaona watu wa kwanza, na pengine kabla ya tangazo rasmi. Mgonjwa anayefika na kikohozi, kichwa kuuma, kizunguzungu, macho mekundu au ngozi iliyobabuka baada ya kukaa ufukoni aulizwe alifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, na kama aliona ndege au boti ikinyunyizia. Majibu yaandikwe katika jalada lake. Maandishi hayo ndiyo yatakayowezesha baadaye kutambua mlipuko wa dalili, kudai fidia na kufuatilia afya ya muda mrefu.

Mhudumu ana haki ya kujua jina la kemikali. Kila shehena huambatana na karatasi ya taarifa za usalama inayoeleza viambato, madhara na huduma ya kwanza. Nakala yake ifike zahanati, kituo cha afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula siku ileile idhini ya kunyunyizia inapotolewa. Ushauri wa kitaalamu kuhusu sumu utafutwe pia kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Huduma ya kwanza ni ya kawaida, lakini makosa yake ni ya kawaida vilevile. Mgonjwa aondolewe penye mvuke, avuliwe nguo zilizochafuka, na ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Mafuta yaliyoganda mwilini yasisuguliwe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwani viyeyushi hivyo huongeza madhara. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Aliyemeza mafuta au kemikali asitapishwe, kwa kuwa kiasi kidogo kikipenya mapafuni chaweza kuleta nimonia kali ya kemikali, afikishwe hospitali. Mkojo mweusi au mwekundu, manjano ya macho na upungufu wa damu wa ghafla visihukumiwe kuwa ni malaria pekee bila kuuliza habari ya kugusana na kemikali.

Wajawazito, watoto na wenye pumu wasishiriki katika usafishaji. Wanaoshiriki wapewe glavu, buti, miwani na barakoa zinazofaa, pamoja na kivuli, maji ya kunywa na mapumziko, maana mavazi ya kinga katika joto la Mtwara huweza kuleta kiharusi cha joto.

Samaki, chaza na kitoweo

Swali litakaloulizwa mapema zaidi vijijini ni hili: samaki waliwe au wasiliwe? Samaki wenye mapezi wana uwezo wa kuvunja na kutoa haraka sehemu kubwa ya kemikali za mafuta zinazohofiwa kusababisha saratani. Chaza, kombe na jamii zao hawana uwezo huo kwa kiwango hicho. Huchuja maji na kuhifadhi uchafu kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo uvuvi waweza kufunguliwa kwa samaki huku uokotaji wa chaza ukiendelea kuzuiwa. Kupika hakuondoi kemikali hizo, na pua pekee haitoshi kuthibitisha usalama. Kitoweo chenye harufu ya mafuta kitupwe, na kisicho na harufu kisubiri majibu ya maabara pale mamlaka zinapokuwa zimefunga eneo.

Katazo hilo huwaumiza kwanza wale ambao bahari iliyokupwa ndiyo shamba lao. Mwanamke anayeokota chaza hana mashua ya kumpeleka mbali wala akiba ya kungojea majibu. Atii katazo huku watoto wake wakilala na njaa, au alivunje? Tangazo lisiloambatana na chakula mbadala au malipo ya dharura litavunjwa, na lawama isielekezwe kwake. Mipango ya dharura inayohesabu vizuizi na boti ihesabu pia unga, maharage na siku za kungoja.

Uamuzi wa kutumia vitawanyishi huchukuliwa kwa saa chache, lakini matayarisho yake huchukua miaka: ramani ya maeneo yasiyoguswa, orodha ya kemikali zilizopimwa, makubaliano na jirani wa ng'ambo ya Ruvuma, na jina la mtu wa afya anayepigiwa simu kabla ndege haijaruka. Tatu za kwanza ni kazi ya wanamazingira na mabaharia. Ya nne haina mwenyewe mpaka sekta ya afya itakapoidai. Mganga Mkuu wa Mkoa na timu za afya za halmashauri wanaweza kuanza kwa kuomba nafasi katika mazoezi ya dharura ya bandari na hifadhi, na kwa kuhakikisha kwamba kila zahanati kutoka Msangamkuu hadi mdomo wa Ruvuma ina ukurasa mmoja wa maelekezo haya ukutani.